Mwaka wa Nyamoita

Oyugis
19 Januari 2025

Mwanangu Zadock,

Salamu nakutumia zikiwa bado moto. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo limejifanya mtabiri wa mvua na kila mara linakosea. Ng'ombe amezaa ndama jike, mkorofi kama nyanya yako. Baba yako alipita hapa juzi akala, akasinzia kitini, na alipoamka swali lake la kwanza likawa kwa nini wewe huoi. Nikamwambia amuulize mwenye kuoa. Sabato iliyopita kwaya ya akina mama iliimba mpaka mzee wa kanisa akasahau matangazo, na hakuna aliyemkumbusha.

Utashangaa kuona karatasi ilhali sote tuna simu. Simu yangu inashikwa na wajukuu wote wa boma hili, na hili ninalotaka kukuambia si la wajukuu. Nimempa Cephas wa ofisi ya vifurushi pale steji akutumie. Na nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Dholuo yako, wewe mwana wa Mkuria, inatosha kuombea maji ya kunywa tu. Mama yako alikulea kwa Kiswahili na sisi wengine tukafuata.

Sasa sikiliza. Unajua mimi ni jagam, mshenga wa ndoa, na si jagam wa jana. Kabla ng'ombe wa mahari hawajatoka zizini, mimi ndiye hutumwa kuchunguza boma la upande wa pili. Naenda kama mtu anayetafuta kuku wa kununua. Naomba maji, naangalia kikombe kinaletwaje, naongea na majirani, na nikirudi najua nani mlevi, nani mgomvi, nani ana kifafa na nani ni ndugu ya nani. Ndoa nilizozishika mkono zimesimama mpaka leo.

Rafiki yangu Millicent, yule anayekaa nyuma yangu kanisani, ana kijana wake Maxwell, fundi wa pampu za maji, mtulivu kabisa. Maxwell amempata msichana wa Kikuria, jina lake Nyamoita, anayesomea afya ya jamii hapo chuoni kwenu. Kwa Wajaluo nina macho kutoka Kendu hadi Sori. Ukuriani mimi ni kipofu. Nilimpigia mjomba wako Maroa, akaniambia Ukuria si duka la rejareja.

Linalomsumbua Millicent ni moja. Walioanza chuo pamoja na Nyamoita wamehitimu, yeye bado. Kuna mwaka mzima hakuonekana darasani. Alikuwa wapi? Aliugua? Alizaa? Aliolewa kwingine akarudi? Watu wa kwao ukiwauliza wanaangalia paa. Millicent ameapa kwamba hatatoa hata kamba ya ng'ombe mpaka ajue.

Nasikia chuo chenu kimeweka habari zote za wanafunzi kwenye wingu, na kwamba wewe ndiye mwenye ufunguo. Fungua mara moja tu, chungulia huo mwaka mmoja, kisha funga. Kuuliza si ujinga, na mimi naiuliza damu yangu.

Kula vizuri. Ule mwili uliotuletea Krismasi haukunifurahisha.

Shangazi yako, Waya wako, na huna mwingine,
Trizah


Migori
4 Februari 2025

Kwako Waya Trizah,

Nakuamkia kwa heshima zote, wewe na goti lako. Barua nimeipata pamoja na njugu ulizofungia ndani, au tuseme zile ambazo Cephas alinibakishia. Mama anakusalimu. Anasema yeye alikuja kwenu akajifunza kuwaamkia kwa Dholuo, na nyinyi mpaka leo hakuna anayeweza kumwamkia kwa Kikuria, kwa hiyo suala la lugha tuliache hapo. Mimi ni mzima. Jirani amenunua spika kubwa kuliko mlango wake, lakini nimezoea. Ugali wangu sasa unageuzika, na mwambie Baba hivyo, labda atapunguza maswali.

Wingu ulilosikia si la kutisha. Ni kompyuta kubwa za kampuni fulani, ziko nchi ya mbali, na chuo kimekodi nafasi humo. Tuliamua hivyo baada ya mvua kuvuja ndani ya masijala na mchwa kumaliza mafaili yaliyobaki. Sasa hata jengo likianguka, matokeo ya mtu hayapotei. Ila sheria inasema ukipeleka habari za watu mbali hivyo, uhakikishe zinalindwa huko kama nyumbani, na hapa nyumbani uhakikishe kila anayezigusa ana sababu ya kazi. Si mimi tu mwenye ufunguo, Waya. Kazi yangu ni kuwazuia wenye ufunguo wasiutumie ovyo.

Hawanipendi. Mwalimu Omwenga, ambaye miaka yote alibandika alama za wanafunzi ubaoni pamoja na majina yao, ananiita Askari wa Wingu. Mchungaji wa chuo naye alikuja kuomba majina ya wanafunzi wagonjwa ili awaombee. Nikamwambia atangaze ibadani, anayetaka kuombewa atakuja mwenyewe. Akasema Yesu hakuhitaji ruhusa. Nikamkumbusha kwamba hata yule kipofu wa Yeriko aliulizwa kwanza, "Wataka nikufanyie nini?" Akaondoka akiwaza.

Barua yako ilinichekesha peke yangu ofisini. Sheria ya Ulinzi wa Data inataja habari ambazo ni nyeti kuliko nyingine: afya ya mtu, ndoa yake, majina ya watoto wake na ya wazazi wake, asili yake. Hiyo ni kazi yako yote, Waya, imeandikwa na Bunge. Ni kama walioitunga walikuwa wamekaa jikoni kwako wakikusikiliza.

Kwa hiyo siwezi kukuchungulilia. Kila faili likifunguliwa, mfumo wenyewe huandika nani amelifungua na lini, na jina langu likionekana hapo bila sababu ya kazi, Askari wa Wingu atakuwa mwizi wa kwanza kukamatwa. Lakini hata kama mfumo ungekuwa umelala, habari hizo si zangu. Nakuomba usinikasirikie.

Mpe ndama majani mabichi kwa niaba yangu.

Mwana wa ndugu yako,
Zadock


Oyugis
23 Februari 2025

Zadock, msomi wetu,

Sote tu wazima. Mvua imekataa, goti limeaibika. Ndama amemlia mzee wa kanisa ukurasa wa kitabu cha nyimbo, tena ule wa kufungia Sabato. Baba yako amesikia habari za ugali na amesema ataamini akiuonja.

Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Sijakasirika. Ila nilipofika pale unaponifundisha habari za siri, nilikaa chini nikacheka mpaka jirani akaja. Mimi, kufundishwa siri! Nimebeba mambo ya mabwana wa Kasipul hii ambayo nikipiga chafya tu makanisa matatu yatafungwa. Nikiambiwa jambo, naliripoti kwa aliyenituma, kisha linafia kifuani. Kabla hamjakodi mawingu ya watu, wingu la Oyugis nilikuwa mimi.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Msichana akificha mwaka mzima, ataingiaje kwa watu? Millicent anaulizia kila Sabato, na safari ya kujitambulisha Ukuriani imepangwa kabla ya Pasaka. Maxwell amekonda. Nyamoita naye, nasikia, ameanza kuulizwa na wenzake kama kweli anaolewa au anaota. Mtu lazima aseme neno moja, ndiyo au hapana, watu waendelee na maisha.

Basi sitaki uniambie kitu. Sheria yako ikae salama. Nijibu swali la dukani tu. Kuna kitambaa cha buluu pale kwa Motari, kizuri, cha kwenda nacho harusini. Ninunue, au nisinunue? Hapo hujataja mtu, hujafungua faili, umemshauri shangazi yako juu ya nguo.

Nangoja.

Trizah wa kitambaa


Migori
10 Machi 2025

Kwako Waya mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya na furaha kama inavyoniacha mimi. Nimefurahi kusikia habari za nyumbani. Mpe pole mzee wa kanisa kwa wimbo wake. Huku joto limepungua kidogo na maembe yamejaa sokoni, makubwa na matamu. Mama alikuwa na mafua lakini amepona, na sasa analalamikia nyanya zilizoshambuliwa na wadudu. Jirani ameuza spika, tunamshukuru Mungu. Chuoni tuna mitihani, wanafunzi wako kimya kuliko kawaida, na Mwalimu Omwenga amenunua pikipiki ambayo bado hajaizoea.

Mifugo iko vipi? Ndama ameachishwa? Na mahindi yamepandwa, au mnangoja mvua?

Wasalimie wote, mmoja mmoja, wakubwa kwa wadogo.

Mwanao,
Zadock


Oyugis
30 Machi 2025

Mwanangu Zadock,

Huku tu salama. Ndama bado ananyonya. Mahindi tumepanda.

Nimekuelewa, na nakushukuru. Mama mkwe wangu, aliyenifundisha kazi hii, aliniambia hivi: ukienda kwa watu kuulizia binti, wakakupa uji, wakakuuliza habari za mifugo, wakakusindikiza mpaka njia panda bila kugusa ulilouliza, shukuru na usirudi tena. Hawataki kumchafua mtoto wa watu, lakini hawataki pia ukaingie shimoni. Salamu tupu ni jibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Nilipoisoma barua yako, maembe, nyanya, spika, pikipiki, na kitambaa hakimo, niliiweka chini nikasema, amefundwa huyu kijana. Hakuvunja sheria yake na hakuniacha gizani.

Nimeshamwambia Millicent arudi nyuma. Hakuuliza kwa nini, anajua siwezi kusema. Nilimwambia tu kwamba chanzo ni cha kuaminika, kiko hapo hapo chuoni. Safari ya Ukuriani imevunjwa. Maxwell hasemi na mtu, anatengeneza pampu za watu na kurudi kulala. Inaniuma, kwa maana alimpenda kweli, lakini heri nusu shari.

Kitambaa nimekiacha dukani.

Waya wako,
Trizah


Migori
24 Aprili 2025

Waya,

Salamu nitaziweka mwisho leo, kwa maana tumeona zinavyoweza kumuumiza mtu.

Barua yako ilikaa ofisi ya vifurushi Pasaka yote, na nimeipata leo. Nyamoita alinifikia kabla yake. Wiki jana alisimama mlangoni kwangu, msichana mwembamba, macho mekundu, sauti haitetemeki hata kidogo.

"Ni wewe ndio wa data protection?"

"Ni mimi. Karibu."

"Nataka kujua nani amefungua faili yangu. Huko Oyugis watu wanasema college ndio imesema mimi siolewi. Imesema nini?"

Aliposema Oyugis, Waya, nilikufikiria wewe. Ana haki ya kujua nani amegusa habari zake, kwa hiyo nilimwonyesha kumbukumbu za mfumo. Tangu muhula uanze hakuna aliyelifungua faili lake, si mwalimu, si karani, si mimi. Akauliza, sasa huyo mtu aliyesema huko Oyugis amejuaje? Nikamwambia hajui. Hakuna anayejua. Akauliza tena, sasa amesema vipi?

Ningeweza kuishia hapo. Lakini nilimwambia, "Huyo mtu ni shangazi yangu. Aliniuliza, nikakataa. Akaniuliza tena, nikamwandikia salamu."

"Salamu?"

"Habari za maembe. Na pikipiki."

Nilidhani angecheka. Hakucheka. "Kwa hivyo ndoa yangu imevunjwa na maembe," akasema, akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa, na hapo ndipo alipolia.

Nimemweleza mkuu wa chuo kila kitu, na malalamiko yake anayashughulikia mtu mwingine, kwa kuwa mimi ni sehemu ya mashtaka. Lakini hilo ni la ofisini. La kwetu ni hili. Sikujua kitu, Waya! Sijawahi kulifungua faili lile. Nilipoacha kutaja kitambaa nilidhani ni utani, nakukwepa kwa upole kama watoto wanavyokwepa kutumwa. Ningekuwa mwerevu kama ninavyojisifu, ningekuandikia hapana ya pili, tena kwa herufi kubwa.

Sasa utasema, basi lifungue uniambie ni msafi, tumalize. Siwezi, na naomba unielewe vizuri hapa. Nikikuambia leo kwamba Nyamoita hana neno, kesho utaniuliza kuhusu mwingine, na nikinyamaza, huyo mwingine nimeshamhukumu. Kimya changu lazima kiwe kile kile kwa kila mtu, kwa aliye na siri na asiye nayo. La sivyo si kimya tena, ni ushahidi.

Mwenye mwaka huo ni yeye. Umeuliza majirani, umemuuliza Maroa, umeniuliza mimi, umetaka kuuliza mpaka kitambaa. Yeye hujamuuliza. Najua jagam haendi kwa msichana mwenyewe. Nenda hivyo hivyo.

Siruhusiwi kukuambia alipo, lakini alipokuwa anatoka alinituma, na maneno ni yake: "Mwambie niko Sori, kwa kituo cha afya, nafanya attachment mpaka June. Akitaka mambo yangu akuje aniulize."

Salamu basi. Mama hajambo. Mimi sijambo sana.

Zadock


Oyugis
8 Juni 2025

Mwanangu Zadock,

Salamu zako nilizisubiri mpaka nikafika chini ya ukurasa, na nikaona zimekuja zikichechemea. Huku tu wazima. Baba yako amenunua kofia mpya na anaivaa hata ndani ya nyumba. Ndama ameachishwa kunyonya na analia kama yeye ndiye wa kwanza duniani.

Sikukuandikia Mei nzima kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Kwanza nilikukasirikia wewe, kwamba mtu mzima anaandika maembe bila kujua anachoandika. Nikamkasirikia mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, hakuniambia kwamba kuna watu wanaonyamaza kwa sababu hawana la kusema. Nilipomaliza wote nikabaki mimi. Zadock, mwanangu, niliona aibu. Nililala nayo, nikaamka nayo, nikaenda nayo kanisani.

Basi nikaenda Sori. Sikubeba kikapu cha kuku. Nilimkuta kwenye kliniki ya watoto, anapima uzito, anamwinua kila mtoto kama ni wake. Nikasogea.

"Mama, kaa kwa line," akaniambia bila kuniangalia. "Mtoto ako wapi?"

"Sina mtoto. Nimetoka Oyugis kukuona wewe."

Hapo akaniangalia. "Hata mimi naonwa kwa line."

Nikakaa kwenye foleni, Zadock, mimi na goti langu, katikati ya akina mama wenye watoto wanaolia, mpaka zamu yangu ikafika. Alinipeleka nyuma ya jengo, kuna benchi, akakaa upande mmoja nami upande mwingine.

"Wewe ndio jagam?"

"Ndiye mimi."

"Ile siku ulisema niko na mambo, ulikuwa umeona nini?"

"Sikuona kitu."

"Ulisikia?"

"Sikusikia."

"Sasa ulisema kwa nini?"

Nimezoea kuuliza, sijazoea benchi la upande ule. Nikamwambia nimemkosea. Neno hilo sijalizoea pia, lakini lilitoka. Nikamwambia kazi yangu ni kulinda nyumba za watu, na yake niliibomoa kabla haijaezekwa. Akanyamaza kitambo. Nami sikuthubutu kukisoma kimya chake, nilikiacha kama kilivyo.

Kisha akasema, "Haya, niulize."

Nikamuuliza waziwazi. Naye akaniambia, "Maxwell anajua. Nilimwambia kitambo, kabla hata ajue jina ya mamangu. Hiyo mwaka ni yangu, nikampatia. Yeye ndiye alikuwa anafaa kujua, na alijua. Hakuna mtu alifikiria kumuuliza?"

Hakuna, Zadock. Kijana anatembea kijijini akijua kila kitu, sisi wazee tunazunguka mawinguni. Nilipomuuliza Maxwell baadaye kwa nini hakumwambia mama yake, alinijibu kwamba si yake ya kusema. Ningekuwa na kofia ningeivua.

"Na wewe nitakuambia," Nyamoita akaendelea, "kwa sababu umekuja na miguu yako na umeniuliza mimi. Lakini inaishia hapa kwa hii benchi." Akaniambia. Nikamshika mkono, tukakaa. Nimesikia mengi katika kazi hii, lakini yote nililetewa na watu wengine. Hili mwenyewe alinipa.

Nilirudi nikaenda moja kwa moja kwa Millicent. Nilimwambia kile chanzo cha kuaminika kilikuwa masikio yangu mwenyewe yakisikia kisichosemwa, na kwamba nimemharibia mtoto wa watu jina. Akauliza, sasa huo mwaka alikuwa wapi? Nikamwambia, "Msichana anajua. Kijana wako anajua. Mimi najua. Waliobaki ni wageni wa harusi." Alinuna Sabato mbili, akahamia benchi la mbele kabisa kanisani. Ya tatu akarudi nyuma yangu na kuninong'oneza katikati ya sala kwamba Maxwell amesema ataoa hata akiwa hana mtu wa kumsindikiza, na je, nitaenda nao Ukuriani?

Tunakwenda Agosti. Kila mahali neno langu lilipofika nimepita kulirudisha, nyumba kwa nyumba, sokoni pia. Halirudi lote, najua, maji yakimwagika hayazoleki. Lakini nitakuwa naonekana kando ya Nyamoita kila mahali mpaka watu wachoke kukumbuka.

Mwambie mkuu wako wa chuo kosa lilikuwa Oyugis, si kwenye wingu.

Waya wako,
Trizah


Migori
24 Juni 2025

Kwako Waya Trizah,

Nakusalimu, na salamu zangu leo ni salamu kweli, usizichimbe. Mama amefurahi mpaka amesema atakufundisha Kikuria cha kutosha usiaibike huko Agosti. Anza kufanya mazoezi ya ulimi. Nyanya zimepona. Mwalimu Omwenga ameanguka na pikipiki lakini kilichoumia ni heshima tu.

Nyamoita amerudi chuoni. Alipita ofisini kuniambia malalamiko yake ameyafunga, na akanitupia embe mezani. "La shangazi yako," akasema, na safari hii alicheka. Nimelila, na sikumbuki embe tamu kuliko lile. Barua yako ya Sori niliisoma nikasimama, nikakaa, nikaisoma tena. Najivunia wewe, Waya, na sioni haya kuandika hivyo.

Sasa kuna jambo moja dogo, la mimi na wewe tu. Faili lile liko hapa, mbele yangu, kubonyeza mara moja. Sijalifungua na sitalifungua. Lakini ubinadamu ni ubinadamu. Wewe unajua, Maxwell anajua, na mimi niliyepoteza usingizi kwa ajili ya mwaka huo ndimi peke yangu nisiyejua. Kwani ilikuwa nini?

Mwana wa ndugu yako,
Zadock


Oyugis
13 Julai 2025

Mwanangu Zadock,

Barua yako nimeipokea na nimeisoma yote, mpaka swali la mwisho.

Huku mvua imenyesha vizuri, na goti, kwa mara ya kwanza, lilitabiri sawasawa. Mahindi yamekomaa. Ndama amepata pembe mbili ndogo na anazijaribia kwenye kofia ya baba yako. Mzee wa kanisa amenunua kitabu kipya cha nyimbo na anakiweka juu ya kabati. Maembe huku yamekwisha, kwa hiyo hayo siwezi kukuandikia. Kitambaa cha buluu kilikuwa kimeuzwa, nikapata cha kijani, na Nyamoita alinichagulia mshono.

Naam. Hizo ndizo habari.

Jambo moja lingine. Juzi alikuja mama mmoja kutoka Magunga, anatafuta kuku wa kununua. Nilimjua papo hapo, hata kikapu hakuwa nacho. Ana binti, mwalimu, na alitaka kujua habari za kijana fulani wa Migori anayelinda mawingu: kama ana hasira, kama anakunywa, kwa nini amechelewa kuoa. Nilimpa uji. Nikamuuliza habari za mifugo. Nikamsindikiza mpaka njia panda, naye akanishukuru kwa sura ya kusikitika, akaondoka. Nilikuwa nimeshageuka ndipo nikakumbuka nimemwambia nini bila kusema. Nilimkimbilia na goti hili hili, nikipiga kelele barabarani watu wakiangalia: "Mama, ngoja! Kunyamaza kwangu si jibu! Nipe nafasi nimuulize mwenyewe!"

Kwa hiyo nakuuliza, Zadock. Nimwambie nini, na nini nisimwambie? Andika unachoruhusu, hata kama ni ugali peke yake.

Na usiponijibu, mwanangu, nitajua tu kwamba hujanijibu.

Waya wako,
Trizah